HPV: Kirusi kinakaa kimya miaka 15, alafu kinakuletea kansa

Ukitaja HPV kwa base pale Merigi, Bomet, kuna msee ataskia HIV na aanze kukuangalia vibaya. Si kitu moja. HPV inapitia ngozi kwa ngozi wakati wa mapenzi, kwa hivyo kondomu inapunguza tu, haizuii yote. Wengi wetu tutaibeba siku moja bila kujua.

Aina zake zimepita 200, na nyingi hazina noma. Zenye zinaleta kansa ni kama 14 hivi. Mbaya zaidi ni namba 16 na 18: hizo mbili pekee ndizo husababisha karibu asilimia 70 ya kansa ya mlango wa kizazi duniani.

Mara mingi mwili unakifukuza hiki kirusi ndani ya miaka miwili. Kikikataa kutoka, kinaharibu breki za seli, zile zinazuia seli kuzaana ovyo. Hapo ndio stori inakuwa mrefu: miaka 15 hadi 20, na kwa dem ako na HIV na hatumii dawa, 5 hadi 10. Hiyo time yote hakuna uchungu. Mathee anachuma chai, anapimiwa kilo zake, ako sawa kabisa. Damu ikianza kutoka nje ya siku zake, mara mingi imechelewa. Mwaka wa 2020 ilikadiriwa kansa hii iliua wamama karibu 3,200 Kenya. Hiyo ni kama tisa kila siku.

Na kuipata mapema ni rahisi mpaka inauma. Nesi anapaka vinega, yes, ile ya chipo, lakini imepunguzwa makali. Mahali kuna shida panageuka peupe kwa dakika moja, na panaweza kugandishwa kabla pawe kansa. Kama uko Merigi na umefika 25, ulizia Longisa.

Chanjo nayo ilizinduliwa Mombasa Oktoba 2019, na uvumi ukaanza hapo hapo ati inafunga kizazi. Hakuna ushahidi wa hiyo. Chenye kuna ushahidi ni hiki: wasichana 2,275 wa Thika, Nairobi na Kisumu waliingia kwa utafiti, na sindano moja tu ikazuia namba 16 na 18 kwa asilimia 97.5 kwa miezi 18.

Mbona sasa mtoto wa miaka 10? Juu chanjo haitibu kirusi kimeshaingia. Na maboyz, msijifiche: aina hizo hizo zinaleta kansa ya koo na ya uume.