Mkono wa Strasburg: kipaji kipumzishwe wakati gani?

Leo nataka tuongelee mchezo ambao kwetu watu wengi hawaufwate: besiboli. Mimi nilisoma agronomi, na kilichonivuta ni hesabu zake. Katika besiboli kila kitu kinaandikwa: mchezaji amerusha mipira ngapi, kwa kasi gani, amepumzika siku ngapi. Na kati ya vijana ambao nimefwata mwanzo wa kazi yao, mmoja hanitoki kichwani: Stephen Strasburg. Miaka yake 3 ya kwanza inaleta ulizo moja gumu: kijana mwenye kipaji, unamulinda namna gani bila kumukosesha siku yake kubwa?

Tueleweshane kwanza mchezo wenyewe. Mrushaji anasimama katikati ya uwanja na kutupa mpira kwa mpigaji mwenye kushika fimbo, umbali wa mita 18 na kitu. Mpigaji akikosa mara 3, anatoka. Wakitoka wapigaji 3, ekipe zinabadilishana. Ekipe zote mbili zikimaliza kupiga, hiyo ni zamu moja, na mechi ina zamu 9. Mrushaji mwenye kuanza mechi anatupa mipira karibu 100, kiisha anapumzika siku 4 hivi mbele ya kurudi. Sezoni ya kawaida ina mechi 162, inaanza karibu na Aprili na kuisha karibu na mwisho wa Septemba. Oktoba njo mwezi wa mtoano, mwezi wa kutafuta ubingwa. Muishike hiyo kalenda, juu shida yote iko ndani yake.

Strasburg alizaliwa San Diego, California, mwaka wa 1988, na akacheza katika ekipe ya San Diego State University. Mwezi wa Juni 2009, Washington Nationals walimuchagua wa kwanza kabisa kati ya vijana wote wa mwaka ule. Alisaini mkataba wa zaidi ya dola milioni 15 mbele ya kutupa hata mpira mmoja katika ligi kuu. Tarehe 8 Juni 2010 akaingia uwanjani kwa mara ya kwanza, kucheza na Pittsburgh Pirates. Alikosesha wapigaji 14, na hakuna hata mmoja ambaye alipewa kituo cha kwanza bure. Mpira wake ulikuwa unakaribia kilometa 160 kwa saa. Kijana wa miaka 21!

Furaha haikudumu. Tarehe 21 Agosti 2010, kule Philadelphia, alitupa mpira mmoja na akasikia maumivu katika mkono. Ligamenti ya kiwiko ilikuwa imepasuka. Ligamenti ni ule uzi mgumu wenye kushikamanisha mfupa na mfupa. Mkono unapotupa mpira kwa nguvu, uzi ule unavutwa sana kila mara, na siku moja unaweza kukatika. Dawa yake inaitwa operesheni ya Tommy John, jina la mrushaji wa kwanza kuifanyiwa, mwaka wa 1974. Daktari anachukua kano fulani ya mwili na kuiweka pahali pa ligamenti ile. Kiisha mtu anangoja mwaka mzima ao zaidi. Strasburg alikuwa amecheza mechi 12 tu. Alirudi Septemba 2011, akacheza mechi 5, sezoni ikaisha.

Tufike sasa kwa mwaka wa 2012. Wakubwa wa Nationals, na meneja mkuu Mike Rizzo mbele yao, walisema mapema kwamba mkono ule hautabeba sezoni nzima. Watu walielewa kikomo kitakuwa karibu zamu 160. Wazo hilo halikutoka hewani. Mwenzake Jordan Zimmermann alipasuliwa vilevile mwaka wa 2009. Mwaka wa 2011 walimusimamisha kwa zamu 161, na mwaka wa 2012 akarusha sezoni nzima bila shida. Kwa hiyo walikuwa na mfano wao wenyewe.

Lakini mwaka huo ekipe ilishangaza watu. Mwaka wa 2011 ilikuwa imeshinda mechi 80 na kupoteza 81. Mwaka wa 2012 ikashinda 98, kuliko ekipe yote ya ligi kuu. Mji wa Washington ulikuwa haujaona mechi za Oktoba tangu 1933. Na katikati ya shangwe ile, mwanzoni mwa Septemba, Strasburg akasimamishwa. Hesabu yake: mechi 28, ushindi 15, wapigaji 197 waliokoseshwa, zamu 159 na theluthi moja. Mwenyewe hakufurahi, na hakuficha. Oktoba akabaki anaangalia tu. Katika mechi ya 5, ya mwisho, Nationals waliongoza St. Louis Cardinals 6 kwa 0, kiisha wakafungwa 9 kwa 7. Wakarudi nyumbani.

Hapo watu waligawanyika. Wamoja walisema: mmetupa bahati ambayo hairudi. Wengine: afya ya kijana inapita kombe. Kwa mawazo yangu, pande zote mbili ziliuliza ulizo ambalo si lenyewe. Kikomo chenyewe kilikuwa na sababu. Kasoro ilikuwa katika kalenda.

Nieleze kwa lugha ya shamba. Uko na mahindi, na maji ya kumwagilia ni ya kuhesabu. Mahindi yanateswa na ukosefu wa maji zaidi wakati wa kutoa maua. Ukimaliza tanki yako wakati wa majani, shamba litakuwa la kijani na la kupendeza, lakini masuke yatatoka na mbegu chache. Maji ni yale yale. Tofauti ni siku uliyoyafungulia. Strasburg alirusha karibu zamu 6 kila mechi, na mrushaji anaanza mechi 5 ao 6 kwa mwezi. Ni kusema, kama angeanza Mei pahali pa Aprili, angebakiza zamu karibu 30. Zile angeweza kuziwekea Oktoba.

Na mfano ulikuwa pale pale. Kris Medlen wa Atlanta Braves alifanyiwa operesheni ile ile mwezi wa Agosti 2010. Mwaka wa 2012, Braves walimuingiza kwanza kama mrushaji wa akiba, zamu moja ao mbili kwa mechi. Mwisho wa Julai tu njo akaanza mechi. Alianza mechi 12, na Braves wakashinda zote 12. Oktoba ilipofika, alikuwa bado na nguvu ya kuanza mechi ya mtoano.

Lakini tuseme ukweli wote. Mechi ile Braves waliipoteza 6 kwa 3, na mwaka wa 2014 Medlen alipasuliwa tena kiwiko kile kile. Nationals nao walikuwa na sababu: walitaka mkono wa kijana ukae katika ratiba moja ya kawaida, bila kuuwasha na kuuzima. Na mwezi wa Aprili, ni nani angesadiki kwamba ekipe ile itafika Oktoba? Pale njo kosa linapoingia: walipanga kazi ya mkono sawa vile mavuno hayatakuja.

Strasburg alipata Oktoba yake kisha. Mwaka wa 2019 alirusha zamu 209 katika sezoni ya kawaida, kiisha akashinda mechi 5 za mtoano bila kupoteza hata moja. Nationals walichukua ubingwa wao wa kwanza, na yeye akatajwa mchezaji bora wa World Series. Mwezi wa Desemba alisaini mkataba mpya wa miaka 7, dola milioni 245. Baada ya pale mwili ulikataa: mechi 8 tu kutoka 2020 mpaka 2022, kiisha akastaafu rasmi mwaka wa 2024. Hakuna mwenye kuweza kuthibitisha kwamba mapumziko ya 2012 njo yalizaa 2019.

Ninachobakiza ni hiki. Wengi wetu tuko katika miaka ya kwanza ya kazi, ao tunamaliza masomo, na nguvu yetu, pesa yetu na usingizi wetu viko na kikomo. Kuheshimu kikomo ni vizuri. Lakini siku unapokiweka, fungua kalenda na utafute kwanza mwezi wa maua uko wapi, hata kama bado haujasadiki kwamba utaufikia.