MAJI YA MVUA KATIKA MACHIMBO YA MAKAA

Kila mkulima wa Kombewa ambaye shamba lake liko kwenye mteremko ajua kwamba mvua ya usiku mmoja yaweza kuchukua udongo wa miaka mingi, asipochimba makinga maji mapema. Machimbo ya makaa ya mawe ni kama shamba hilo, ila ni makubwa zaidi, hayana majani, na maji yatokayo humo huweza kudhuru. Makaa yaliyogunduliwa Kenya yako mbali nasi, katika bonde la Mui, Kitui. Lakini kanuni ya maji ni moja kwa kila mgodi, na watu wa ziwa wamekwisha kuiona.

Mwezi wa Mei 2009, huko Tanzania, maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara, yakaingia mto Tigithe. Mto huo humwaga maji yake katika mto Mara, nao Mara huishia katika Ziwa Victoria, ziwa lile lile wanamovua watu wa Kombewa.

Tindikali hiyo hutoka wapi? Mawe mengi ya migodini, na tabaka nyingi za makaa, yana salfa iliyoshikamana na chuma. Yakiwa chini ya ardhi hayana neno. Yakichimbuliwa, yakapata hewa na maji, hufanya tindikali, ambayo huyeyusha madini yadhuruyo samaki na wanadamu.

Basi, mchimbaji aombapo kibali, mkaguzi wa michoro yake hana budi kuuliza mambo manne.

Kwanza, je, maji safi yametengwa na maji machafu? Maji yashukayo kutoka juu ya mgodi yapasa kuzungushwa kwa mitaro hadi mtoni kabla hayajagusa makaa. Maji yanyeshayo ndani ya mgodi yaende bwawani. Yakichanganyika, yote huwa machafu, na bwawa halitatosha.

Pili, je, hesabu ni sahihi? Mvua ya milimeta 50 juu ya hekta moja huleta lita 500,000, yaani madebe 25,000 ya lita 20. Msituni, sehemu kubwa hunywewa na ardhi. Penye ardhi tupu, sehemu kubwa hutiririka. Mhandisi atumiaye hesabu ya msitu kwa ardhi tupu, mfereji wake utafurika.

Tatu, mfereji umepimwa kwa mvua gani? Wahandisi hutaja "mvua ya miaka 20", na watu wengi hudhani kwamba mvua hiyo haiji mpaka miaka 20 ipite. Sivyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka ipo nafasi moja katika 20 ya kuipata, au kupata kubwa kuliko hiyo. Mgodi ukidumu miaka 20, nafasi ya kuipata walau mara moja ni 64 katika 100. Tukumbuke mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961: kufikia 1964 ziwa letu lilikuwa limeinuka zaidi ya meta mbili. Hesabu isiyoingiza miaka ya namna hiyo ni hesabu pungufu.

Nne, je, bwawa lina sakafu isiyovuja, nafasi ya matope kutuama, na njia imara ya kutolea maji yakizidi? Tena, ni nani atakayelitunza mgodi ukifungwa? Mgodi wa Macalder, Migori, ulifungwa mwaka 1966, lakini mabaki ya mawe yaliyosagwa yalibaki pale pale.

Sheria ya Mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 yataka athari za mgodi zichunguzwe kabla ya kazi kuanza, na yawapa wananchi nafasi ya kutoa maoni yao. Msomaji asiogope michoro ya wahandisi. Na aulize swali moja: siku ya mvua kubwa, maji haya yatakwenda wapi? Mchimbaji asiyeweza kulijibu hajawa tayari kupewa kibali.