SHOO YA LAND ROVER ILIYOCHOMEA MBUZI!

Mjomba alipostaafu mambo ya shamba, akanipa Land Rover yake, Series IIA ya 1965. Kuku walikuwa wameshaigeuza chumba cha kulala. Injini ikafufuka, rangi ya kijani ikapigwa, mtaa mzima ukaja kushangaa. Kasoro moja tu: mbele palikuwa pengo, kama bibi aliyesahau meno nyumbani.

"Shikamoo mjomba. Ile shoo ya mbele iko wapi?"

"Marahaba. Ile? Tulichomea mbuzi Krismasi, ikapotelea huko huko!"

Msicheke. Shoo za Land Rover za zamani zilikuwa wavu wa waya wa chuma uliochovywa zinki, saizi ya nyama choma kabisa, na stori za kuzigeuza jiko zipo mpaka Uingereza. Mwaka 1971 ilipoingia Series III, ikaja na shoo ya plastiki. Hapo mbuzi wakapumua.

Basi nikaingia kwa wauza skrepa. Nikapata moja, nikalipa bila kuuliza, nikafika gereji kifua mbele. Haikai! Fundi akaniangalia kwa huruma. Gari langu taa zake ziko katikati, ubavuni mwa shoo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kiwanda kilizihamishia kwenye madigadi, na shoo nayo ikabadilika umbo. Niliyonunua ilikuwa ya hizo za baadaye. Kwa hiyo ndugu yangu, ukienda kutafuta, beba picha ya sura ya gari na vipimo vya matundu ya skrubu. Jina "Land Rover" peke yake halitoshi.

Rafiki yangu mmoja alichoka kutafuta, akaweka bati zima lenye vitundu vya urembo. Lilipendeza kweli! Kupanda Kitonga tu, maji yakachemka. Shoo inazuia mawe na matawi yasitoboe rejeta, lakini kazi yake nyingine ni kupitisha hewa. Ukiziba, umeziba pumzi.

Ya kwangu niliipata mwishowe kwenye banda la kuku (kuku tena!), imepinda na kutu pembeni. Tukaiosha mafuta kwa sabuni, tukanyoosha waya mmoja mmoja kwa koleo juu ya ubao, tukasugua kutu kwa brashi ya waya. Palipobaki zinki nzima hatukupagusa, maana hiyo ndiyo kinga yenyewe.

Waya mbili zilikuwa zimekatika. Hapa sikilizeni vizuri. Fundi alikwangua zinki yote kwenye maungio, akaenda kuchomelea nje penye upepo. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe, na anayeuvuta anaweza kushinda vizuri, usiku akatetemeka kwa homa akidhani ni malaria.

Kumalizia, dawa kamili ni kuichovya upya kwenye zinki iliyoyeyushwa, joto kama nyuzi 450. Mfuko wangu ulikataa. Tukapitisha msasa laini, rangi ya msingi ya mabati, halafu rangi ya fedha. Ukiruka hiyo ya msingi, rangi itabanduka kama ganda la kitunguu.

Jumapili nikampelekea mjomba aione. Akaizunguka mara mbili, akainama, akaipapasa shoo.

"Hii nzuri kuliko ile," akasema. "Krismasi utakuja nayo?"