Mwenye Ufunguo wa Hazina: Kutoka Leisnig hadi Vikundi vya Vijijini

Makala hii yakusudia kueleza jambo moja katika kazi ya mashirika ya hisani na vyama vya huduma visivyotafuta faida, nalo ni hili: ni nani anayeshika ufunguo wa hazina iliyotolewa kwa ajili ya jamii? Huenda msomaji akaliona kuwa ni jambo la watunza hazina na wakaguzi wa hesabu, wala si la wanatheolojia. Sisi twaliona kuwa ni swali la kitheolojia, na twakumbuka kwamba Walutheri walilishughulikia mapema sana, kabla hata ya Ungamo la Augsburg la mwaka 1530.

Kila mchungaji aliyehudumu usharikani kwa muda amepata kuona mashine ya kusaga iliyosimama, au kisima ambacho pampu yake imekufa. Watu wakiulizwa hujibu kwamba mradi ni wa wafadhili. Jibu hilo huchukuliwa kuwa dalili ya uvivu au ya kukosa shukrani. Lakini mara nyingi ni kweli tupu. Hesabu za mradi hawakuonyeshwa, na katika kikao kilichoamua mahali pa kuchimba hawakuitwa. Mtu hawezi kukitunza kama chake kitu ambacho hakuulizwa neno juu yake.

Leisnig ni mji mdogo wa Saxony, nchini Ujerumani. Usharika wake uliwaunganisha watu wa mjini na wakulima wa vijiji vya jirani. Mwanzoni mwa mwaka 1523 usharika huo ulitunga utaratibu wa hazina ya pamoja, na katika mwaka uo huo Martin Luther akauchapisha pamoja na dibaji yake. Kwa ajili ya usharika huohuo aliandika pia juu ya haki ya Wakristo kupima mafundisho na kumwita mchungaji wao. Maandiko hayo mawili huwa tunayafundisha mbalimbali, moja katika somo la Kanisa na jingine katika somo la maadili, na kwa hiyo wanafunzi wengi hawatambui kwamba yalizaliwa mahali pamoja. Usharika uliohesabiwa kuwa na uwezo wa kupima mahubiri ulihesabiwa pia kuwa na uwezo wa kutunza fedha za maskini.

Utaratibu wenyewe wastahili kuelezwa kwa kirefu. Kila mwaka usharika ulipaswa kuchagua wasimamizi kumi: wawili kutoka kwa makabaila, wawili kutoka baraza la mji, watatu kutoka kwa wenyeji wa kawaida wa mjini, na watatu kutoka kwa wakulima wa vijijini. Kasha la hazina liliamriwa kuwekwa mahali pa salama kanisani, nalo liwe na makufuli manne yasiyofanana, kila kundi likishika ufunguo wa kufuli lake. Basi kabaila, kwa cheo chake chote, hakuweza kutoa senti moja pasipo mkulima kuwapo. Wasimamizi walitakiwa kukutana kila Jumapili kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 8 mchana, na kuandika vitabuni kila kilichoingia na kila kilichotoka. Tena mara tatu kwa mwaka usharika wote ulipaswa kukusanyika na kusomewa hesabu.

Katika kasha hilo alilipwa mchungaji, na mwalimu wa wavulana, na mwanamke wa kuwafundisha wasichana. Wazee na wagonjwa wasio na jamaa walipewa riziki, yatima walilelewa, na nafaka iliwekwa akiba kwa ajili ya miaka ya njaa. Fundi aliyekosa mtaji aliweza kukopeshwa, na kama baada ya kujitahidi kwa uaminifu bado alishindwa kulipa, alisamehewa kwa ajili ya Mungu. Kuombaomba kulikatazwa, hata kwa watawa. Na kama mapato hayakutosha, kila mtu, awe kabaila au mkulima, alipaswa kuchangia kila mwaka kwa kadiri ya uwezo wake.

Tuangalie pia nani hakuwemo. Mchungaji hakuwa na nafasi yake miongoni mwa wale kumi, wala hakukabidhiwa ufunguo. Twasisitiza jambo hili kwa kuwa katika sharika zetu mchungaji hufanywa mwenyekiti wa kila kamati, na wengine huhesabu kuwa ni sehemu ya wito wao.

Hata hivyo, utaratibu wa Leisnig haukwenda kama ulivyokusudiwa. Katika dibaji yake Luther alikuwa ameonya kwamba mali za nyumba za watawa zingeweza kunyakuliwa na wenye uchu. Alishauri watawa waliobaki watunzwe, wanaoondoka wapewe cha kuanzia maisha, na sehemu iliyosalia iingie katika hazina ya pamoja. Baraza la mji lakini lilikataa kukabidhi mali za wakfu zilizokuwa mikononi mwake, na Luther alipomwomba Frederick, mtawala wa Saxony, authibitishe utaratibu huo, hakufanikiwa. Wakulima walikuwa na ufunguo halali wa kasha lisilo na kitu. Twaona hapa kwamba kushirikishwa katika vikao hakutoshi pale ambapo mali yenyewe imeandikwa kwa jina la mwingine.

Mtume Paulo alilijua swali hili kabla ya Leisnig. Katika 2 Wakorintho 8:16–21, anapoeleza jinsi mchango wa watakatifu utakavyopelekwa, hawaombi Wakorintho wamwamini kwa sababu ni mtume. Amtaja ndugu aliyechaguliwa na makanisa kusafiri pamoja na mchango huo, ili mtu yeyote asipate la kulaumu. Anajali yaliyo mema mbele ya wanadamu pia, si mbele za Bwana tu. Wanaosema kwamba kudai hesabu kwa mtumishi wa Mungu ni kukosa imani na wausome mstari wa 20 tena.

Katika nchi yetu upo mfano mkubwa unaotufaa. Mwaka 1964 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilianzisha TCRS, yaani Huduma ya Kikristo kwa Wakimbizi ya Tanganyika. Ilianza kwa kuwahudumia wakimbizi kutoka Rwanda, kisha wale wa Msumbiji, na baada ya mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi ikashiriki kujenga makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Kazi hiyo ilifuata mapatano ya pande tatu: serikali ilitoa ardhi, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitafuta fedha, na TCRS ilitekeleza. Matunda yake hayana ubishi. Barabara, shule na zahanati zilijengwa porini, na wakimbizi wakapata kulima hata wakajitegemea kwa chakula. Lakini mapatano yalikuwa ya pande tatu, na hakuna hata upande mmoja uliokuwa wa wakimbizi wenyewe. Kufuli la nne halikuwekwa. Hatusemi haya kwa kulaumu, kwa maana sheria za wakati ule hazikumtazama mkimbizi kuwa mtu wa kutia sahihi. Serikali ilianza kuwapa vyeti vya uraia Warundi hao wa mwaka 1972 mnamo mwaka 2014. TCRS nayo, baada ya miaka zaidi ya 40 chini ya Fungamano, ikawa shirika la Kitanzania lenye bodi yake.

Kufuli tulilolikosa huko limeonekana mahali ambapo wanatheolojia hatukupatazamia. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianza nchini Niger kuwasaidia wanawake wa vijijini kuunda vikundi vya kuweka na kukopa. Mtindo huo ulienea Afrika, nao ulifika Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huku kwetu vikundi vya namna hii twavijua zaidi kwa jina la VICOBA. Msingi wa mtindo huo ni kisanduku chenye makufuli matatu, na funguo zake hushikwa na wanachama watatu wasio viongozi. Kisanduku hakifunguliwi ila mkutanoni, mbele ya wote, na fedha huhesabiwa kwa sauti. Kwa hiyo hata mama asiyejua kusoma aweza kuwa mkaguzi. Mwisho wa mzunguko, kwa kawaida mwaka mmoja, kila mtu hugawiwa akiba yake pamoja na faida. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua vikundi hivi na kuvitaka visajiliwe.

Ndani ya kisanduku hicho mna mfuko mdogo wa pekee, uitwao mfuko wa jamii, kwa ajili ya msiba, ugonjwa na maafa. Fedha zake hazichanganywi na za mikopo. Johannes Bugenhagen aliufikia uamuzi kama huo alipotunga utaratibu wa Kanisa la Braunschweig mwaka 1528. Alitenga kasha la maskini na kasha la Kanisa, kwa kuwa kasha lilipokuwa moja, mishahara na matengenezo ya majengo viliweza kumeza fungu la wajane.

Sharika zetu nyingi zimo bado katika hali ya kasha moja. Sadaka ya udiakonia hutangazwa kwa jina lake Jumapili, na Jumatatu huingizwa katika akaunti ileile inayolipa umeme na kujenga mnara. Fedha za usharika rafiki wa ng'ambo nazo hufika kwa barua aijuayo mchungaji peke yake. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2019, huyadai mashirika taarifa za hesabu zilizokaguliwa. Taarifa hizo hupelekwa kwa msajili na kwa umma kwa jumla. Hakuna sheria inayomlazimu mtu kumsomea hesabu mjane wa mtaa wa tatu ambaye jina lake limeandikwa katika orodha ya waliosaidiwa.

Kwa mwanafunzi anayekwenda mafunzo ya vitendo twapendekeza kazi ndogo. Aombe kujua majina ya wanaotia sahihi katika akaunti ya udiakonia, na kama yumo hata mmoja miongoni mwao aliyewahi kusaidiwa na fungu hilo. Kisha aulize ni lini hesabu zake zilisomwa mwisho mbele ya usharika, na zilisomwa kwa lugha gani.