Tusiite yote “mshipa”: kano za nyuma ya goti



Tukisoma Yoshua sura ya 11, tunaona farasi wa adui wakikatwa mishipa ya miguu. Farasi wa namna hiyo yu hai, lakini vitani hafai tena. Mshipa ule ni kano, yaani kamba ngumu inayounga msuli na mfupa. Sisi huita “mshipa” vitu vitatu: njia ya damu, mshipa wa fahamu na kano. Kuvichanganya kunaweza kumfanya mtu kilema.

Kaa kwenye kiti, kunja goti, kaza kisigino chini ukikivuta nyuma. Sasa papasa nyuma ya goti. Upande wa nje utagusa kano moja nene. Inashuka hadi kichwa cha mfupa mwembamba wa mguu. Upande wa ndani ziko mbili, nazo zinashika mfupa mkubwa wa muundi. Misuli yake inaanzia hasa kwenye mfupa tunaoukalia. Ndiyo inayokunja goti, na tunapotembea inazuia mguu usitupwe mbele kupita kiasi.

Karibu kabisa na kano ya nje unapita mshipa wa fahamu unaoinua wayo na vidole. Chini kidogo ya goti unazunguka ule mfupa mwembamba, chini ya ngozi tu. Katikati, ndani zaidi, unapita mshipa mkubwa wa damu.

Kijana mmoja wa kwaya yetu alikatwa na bati upande huo wa nje. Kidonda kilikuwa kidogo, kikashonwa, kikapona. Lakini wayo ulianza kuburuzika. Tulimwambia ni kano imekaza, akakandwa kwa maji moto wiki nyingi. Kumbe kilichokatika ni mshipa wa fahamu, na sisi tulimpotezea wakati.

Basi, mtu akiumia nyuma ya goti, kwanza gandamiza damu kwa kitambaa safi bila kuachia. Kisha mwambie ainue wayo na vidole juu. Akishindwa, au akipata ganzi juu ya wayo, au mguu ukiwa baridi, apelekwe hospitali siku ile ile. Asikandwe, asivutwe mguu. Tumwombee tukiwa njiani.