Nimeombwa nikashuhudie nisichokiona

Wadau, juzi baba mdogo kanipigia simu. Ana kesi ya mpaka wa shamba la migomba huku Ngara, anataka nikaseme niliwaona babu na jirani wakipanda miti ya mpaka. Mwaka anaoutaja mimi nilikuwa bwenini Biharamulo! Nikamwambia sikuwepo. Akajibu, "Wewe sema tu mwanangu, mambo ya ukoo haya."

Basi nikashika Biblia. Ile amri (Wakatoliki wanaihesabu ya nane, Waanglikana ya tisa) tumezoea kuisoma kama katazo la uongo wowote. Kumbe ukiisoma Kutoka 20 inaanzia barazani: inamzungumzia anayetoa ushahidi dhidi ya jirani yake. Uongo wa jumla umekatazwa kwingine, Walawi 19. Na Mithali 6 inapotaja mambo saba yanayomchukiza Mungu, ulimi wa uongo ni jambo moja na shahidi wa uongo ni jingine.

Kumbukumbu la Torati 19 ndiyo imenitia baridi. Shahidi mmoja hatoshi, wawe wawili au watatu, na akigundulika ni mwongo anapewa adhabu ileile aliyomtakia mwenzake. Lakini hata wawili wakipangwa sheria inapigwa chenga. Someni 1 Wafalme 21. Mfalme Ahabu alitamani shamba la mizabibu la Nabothi, Nabothi akakataa kwa kuwa ni urithi wa baba zake. Yezebeli akaandika barua, wakatafutwa mashahidi wawili, Nabothi akapigwa mawe. Kesi ya shamba ile, kama yetu.

Kuna watakaoniletea Rahabu na wale wakunga wa Misri waliomdanganya Farao. Sawa, ila wale waliokoa roho za watu. Migomba mitatu siyo roho ya mtu.

Na sisi wa huku tusijifanye hatujui uzito wa ushahidi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja hivi, wakajaa Benaco. Waliotuhumiwa kwa mauaji ya Rwanda wakaja kushtakiwa Arusha. Huko, shahidi mmoja wa kesi ya Kamuhanda, aliyefichwa kwa jina la GAA, alitoa ushahidi, kisha kwenye rufaa akaukana. Desemba 2007 akakiri kwamba kule kukana ndiko kulikuwa uongo. Miezi 9 jela.

Hapa kwetu Kanuni ya Adhabu inakwenda hadi miaka 7. Nilimtajia baba mdogo akacheka, eti nani kashawahi kufungwa kwa mpaka?

Jirani mwenyewe ni mjane, mumewe ndiye aliyekuwa anaujua huo mpaka. Baraza linakaa Alhamisi. Nimetuma ujumbe kwamba nikiitwa nitasema sikuwepo. Mpaka naandika hapa baba mdogo hajajibu, na mama kaniuliza kwani nimemkosea nini.