Vidonge vya Mzio na Kifua cha Mwenye Pumu

Majira ya nyasi kuchanua yanapowadia, watu wengi huanza kupiga chafya mfululizo, macho huwawasha na pua hutiririka kamasi jepesi. Miongoni mwao wamo wenye pumu, ambao kwao msimu huo huja na hofu ya kubanwa kifua usiku. Wengi hukimbilia duka la dawa na kurejea na vidonge vya klorofenamini, vinavyojulikana zaidi kwa jina la Piriton. Je, vidonge hivyo hutibu pua na kifua pamoja?

Chavua inapoingia puani mwa mwenye mzio, kinga ya mwili huidhania kuwa adui. Seli za utando wa pua humwaga kemikali iitwayo histamini, ambayo hujishikiza kwenye vipokezi vyake na kuleta muwasho, chafya na kamasi. Dawa za kuzuia histamini huiziba njia hiyo, na hufaa zaidi zikinywewa kabla ya mtu kukutana na kinachomdhuru. Pua iliyoziba haizisikii sana. Hapo dawa ya steroidi ya kupuliza puani kila siku ndiyo yenye nguvu zaidi.

Dawa hizo hazilingani. Klorofenamini na promethazini, za kizazi cha kwanza, hupenya hadi kwenye ubongo na kuleta usingizi, jambo la hatari kwa dereva na mwendesha mitambo. Promethazini haipaswi kabisa kupewa mtoto wa chini ya miaka 2, kwani yaweza kudhoofisha upumuaji wake. Setirizini na loratadini, za kizazi cha pili, huleta usingizi kidogo zaidi. Kwa kawaida mtu mzima hunywa miligramu 10 mara moja kwa siku, isipokuwa mwenye ugonjwa wa figo au ini, ambaye huhitaji ushauri kwanza.

Pumu ina njia yake. Mirija ya hewa huwa na uvimbe wa muda mrefu, misuli yake hubana, na kemikali nyingine, zikiwamo lukotrini, hushiriki. Ndiyo maana kidonge cha mzio hakifungui kifua kilichobana. Msingi wa tiba ni steroidi ya kuvuta kwa mdomo, kama beklometasoni au budesonidi. Tangu 2019, mwongozo wa kimataifa wa GINA haupendekezi tena watu wazima na vijana wenye pumu watibiwe kwa salbutamoli pekee.

Hata hivyo, pua na mapafu ni njia moja ya hewa, na mafua ya mzio yakiachwa, pumu huwa ngumu kudhibiti. Mhudumu wa afya na amuulize mwenye pumu habari za pua yake, na mwenye chafya habari za kifua chake. Naye mgonjwa asiache dawa yake ya kuvuta kwa sababu amepata kidonge. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo ikibadilika rangi, au salbutamoli isipomsaidia, afikishwe hospitali mara moja.